Habari za Kuhama kwa Watu Wetu, na Jinsi Wanavyohesabiwa

Ndugu wasomaji, katika kijitabu hiki cha Yubile wako walioandika habari za Maaskofu wetu, na wengine habari za makanisa, shule na hospitali. Majengo hayo yanakaa mahali pamoja, na mwandishi akitaka kuyatazama huyaona. Mimi nimepewa kuandika habari za watu, nao hawakai mahali pamoja. Tangu Dayosisi ya Masasi ilipowekwa mwaka 1926, na hata miaka 50 kabla yake, watu wa nchi hii wamekuwa wakihama: wengine kwa kupenda, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa njaa, wengine kwa kutafuta fedha.

Leo wazee wetu husema kwa huzuni ya kwamba vijana wamekwisha kwenda mjini, nasi tumeachiwa vitabu vyenye majina mengi na viti vyenye watu wachache. Neno hili ni kweli, walakini si kweli yote. Nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ya kuwa kanisa letu lenyewe lilianzishwa na watu waliohama. La pili, ya kuwa Mkristo anayehama aghalabu hupotea kwa sababu hakuna aliyeandika amekwenda wapi, wala aliyemtafuta huko aendako.

I. WAGENI WALIOANZISHA MASASI

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Watumwa waliookolewa katika majahazi, baadhi yao wakikabidhiwa kwa Misheni, hawakuwa watu wa Unguja. Wengi walikuwa wametekwa katika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma, wakaletwa pwani kwa miguu wamefungwa. Watu hao hawakuhama kwa shauri lao, walichukuliwa.

Askofu Edward Steere akaona ya kuwa haifai kuwaweka Unguja siku zote, akataka kuwarudisha karibu na nchi walizotoka. Basi mwaka 1876 akatoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50, waume kwa wake, wakashuka Lindi, kisha wakapanda bara kwa miguu. Shauri la kwanza lilikuwa kufika hata nchi za Nyasa. Hata walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa tunayoyajua sote, wakaona nchi ni njema kwa kukaa na kulima. Hapo ndipo walipojenga. Wakristo wa kwanza wa Masasi, basi, hawakuzaliwa Masasi.

Wala wenyeji waliowakuta hawakuwa wa siku nyingi sana wote. Katika miaka ile Wayao wengi walikuwa wametoka upande wa pili wa Ruvuma kwa ajili ya vita na njaa, na Wamakua kadhalika walivuka mto wakatafuta mashamba. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, walipoipiga Masasi, watu wengine waliuawa na wengine wakatekwa, na Padre Chauncy Maples akaihamisha kazi Newala, kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Hivyo hata kabla ya kutimia miaka 10 Misheni yenyewe ilikuwa imehama mara mbili.

Tena tumkumbuke Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa angali mtoto mdogo, akafikishwa Unguja, akasomeshwa Kiungani. Mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, wa kwanza kati ya Waafrika katika Misheni yetu, akafanya kazi yake Chitangali, upande huu wa Ruvuma. Njia ile ile aliyopitishwa akiwa mateka ndiyo aliyorudi nayo akiwa Padre. Kama mtu angalipiga hesabu ya watu wa kwao siku ile alipotekwa, angalisema, Mmoja amepotea. Hakujua ya kuwa atarudi, wala atarudi na nini.

II. KODI, KATANI NA NAMBA

Utumwa ulipokoma, watu walianza kuhamishwa kwa namna nyingine. Wadachi waliweka kodi ya nyumba mwaka 1898, nayo ililipwa kwa fedha, na mahali pengine kwa kazi. Mkulima mwenye mtama na mihogo ghalani hakuwa na rupia. Ikawa lazima auze kitu au auze nguvu zake. Tena vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, ambavyo katika siku zake nyumba za Misheni za Masasi zilichomwa moto, vilifuatwa na njaa kubwa, na njaa siku zote huwatoa watu majumbani.

Katika miaka hiyo mmea mgeni ulikuwa umeingia nchini. Dokta Richard Hindorf aliuleta mkonge mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na kwa muda wa miaka michache mashamba ya katani yakaenea Tanga na kando ya reli, na upande wetu wa Lindi pia. Mashamba yale yalitaka watu wengi kuliko wenyeji wa pwani. Ndipo Wanyamwezi, Wangoni, Wabena, Wamakonde na wengine wakaandikwa kwa mapatano ya miezi mingi, wakasafirishwa mbali na kwao. Kila mmoja alipewa kipande, yaani karatasi ya kutia alama siku zake 30 za kazi. Siku asiyofanya kazi haikutiwa alama, na kipande kisipojaa hakupata mshahara kamili. Kila mmoja alipewa namba pia. Kwa sababu hiyo watu hao wakaitwa manamba.

Wasomaji, jina hilo lina fundisho. Manamba alihesabiwa siku aliyoandikwa, akahesabiwa garini, akahesabiwa asubuhi shambani. Katika nchi hii hakuna mtu aliyehesabiwa mara nyingi kuliko yeye. Walakini kwao, mkewe hakujua kama yu hai, na mwalimu wake wa dini hakujua kama bado anasali. Hesabu ile ilikuwa kwa faida ya mwenye shamba, haikuwa kwa faida ya anayehesabiwa.

Manamba wengi walirudi makwao mapatano yalipokwisha, wengine wakaenda tena. Kwa hiyo uhamaji wa siku zile ulikuwa kama maji kupwa na kujaa. Wanaume walitoka, wanawake na watoto wakabaki na jembe. Hata mjini Dar es Salaam katika siku za Waingereza wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, kwa maana mji ulihesabiwa kuwa mahali pa kazi, wala si mahali pa kulea watoto.

III. JINSI SERIKALI ILIVYOHESABU WATU

Hapo kale Serikali haikuhesabu vichwa, ilihesabu nyumba. Mkubwa wa wilaya alitazama daftari la kodi, akaona nyumba ni ngapi, akakisia kila nyumba ina watu wangapi, akazidisha. Hesabu zilizofanywa mwaka 1921, 1928 na 1931 zilitegemea sana habari za namna hiyo. Mwenye kujificha kodi hakuhesabiwa, na kijana aliye safarini alihesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa. Si ajabu basi watu walipoiogopa hesabu. Wakristo wengine walikumbuka jinsi Mfalme Daudi alivyoadhibiwa kwa kuwahesabu Waisraeli, wakasema ni dhambi. Lakini Musa naye alihesabu watu, tena kwa amri ya Mungu. Tofauti i katika nia ya mwenye kuhesabu.

Mwaka 1948 watu wa Tanganyika walihesabiwa mmoja mmoja kwa mara ya kwanza, pamoja na wa Kenya na Uganda. Hesabu ilikuwa karibu milioni 7 na nusu. Ikafuata hesabu ya mwaka 1957, kisha 1967, ambayo ilikuwa ya kwanza baada ya uhuru na baada ya kuungana na Unguja, kisha 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika hesabu ya 2022 Tanzania nzima ilikuwa na watu 61,741,120.

Walimu wenzangu wafundishe ya kuwa ziko njia mbili za kuhesabu. Njia ya kwanza ni kumwandika mtu penye asili yake. Ndivyo Yusufu alivyokwenda Bethlehemu pamoja na Mariamu, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi, ingawa kazi yake na nyumba yake zilikuwa Nazareti. Njia ya pili ni kumwandika mtu pale alipolala. Serikali yetu hufuata njia hii ya pili: mwaka 2022 kila mtu aliandikwa mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, hata kama alikuwa mgeni.

Vitabu vyetu vya kanisa hufuata njia ya kwanza. Mtu aliyebatizwa Masasi, akapokea Kipaimara Masasi, hubaki katika kitabu cha Masasi, ingawa amelala Dar es Salaam miaka 20. Kwa hiyo Serikali ikisema watu ni wachache na kitabu chetu kikasema ni wengi, hakuna aliyesema uongo. Vitabu viwili vinajibu maswali mawili. Hasara ni kwamba mtu yule mmoja, Serikali inajua alipo bila kujua ni nani wetu, nasi tunajua ni nani bila kujua alipo.

Je, kuhama kunapimwaje? Njia moja ni kumwuliza mtu alizaliwa wapi, na kulinganisha na mahali alipo. Njia ya pili ni ya kutoa na kujumlisha. Tuseme kijiji kina watu 1,000. Kwa miaka 10 wakazaliwa 400, wakafa 100. Kama hakuna aliyehama, watakuwa 1,300. Ukihesabu ukakuta 1,120, basi wamepungua 180 kwa kuhama. Lakini angalieni: huenda walitoka 180 na hakuingia mtu, au huenda walitoka 500 wakaingia wageni 320. Hesabu haionyeshi tofauti hiyo, bali mwalimu anayeijua kila nyumba aijua.

Tena kuna kuhama kusikoonekana kabisa katika hesabu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishwa kutoka mashambani mwao wakae pamoja katika vijiji. Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia. Labda katika historia yote ya nchi hii hakuna uhamaji mkubwa kuliko huo kwa wingi wa watu. Lakini hesabu ya 1978 iliyouliza, Ulizaliwa mkoa gani?, haikuweza kuuonyesha, kwa kuwa watu hawakuvuka mpaka wa mkoa. Walihama mwendo wa saa moja au mbili tu, wakaacha miembe, mikorosho na makaburi ya baba zao.

IV. KANUNI ZA BWANA RAVENSTEIN

Katika Ulaya alikuwako mtu mmoja aliyetaka kujua kama kuhama kwa watu kuna taratibu au hakuna. Jina lake Ernst Georg Ravenstein, mzaliwa wa Frankfurt aliyekaa London. Huyu si mgeni kwetu kabisa. Kitabu cha safari za Mmisionari Krapf kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1860, yeye ndiye aliyekiongezea habari za milima ya theluji ya Afrika ya Mashariki na za safari za wavumbuzi; na baadaye alichora ramani kubwa ya nchi zetu kwa ajili ya Chama cha Jiografia cha London. Mwaka 1885 alitoa maandiko yake juu ya kanuni za kuhama, aliyoyapata kwa kuchungua hesabu ya watu wa Uingereza ya mwaka 1881, akayaongeza mwaka 1889.

Alisema hivi kwa kifupi. Watu wengi wanaohama huenda karibu tu. Wale wa karibu na mji huingia mjini, na nafasi waliyoiacha hujazwa na wa mbali zaidi, hivyo watu husogea hatua kwa hatua. Wanaokwenda mbali sana huelekea miji mikubwa ya biashara. Wanawake huhama kuliko wanaume katika safari fupi. Kila mkondo wa watu wanaokwenda una mkondo mwingine wa kurudi. Tena alisema sheria mbaya, kodi nzito, hata biashara ya watumwa, zote huwahamisha watu. Walakini hakuna sababu yenye nguvu kama tamaa ya mtu kutaka maisha yaliyo bora.

Tukizipima kanuni hizi kwa habari zetu, tutaona nyingine zafaa na nyingine hazitoshi. Kodi nzito na utumwa, ambavyo kwa nchi yake vilikuwa mambo ya kando, kwetu vilikuwa mwanzo wa habari. Lakini hatua kwa hatua twaijua. Kijana wa Newala alikwenda kwanza Masasi au Mtwara, kisha Lindi, ndipo Dar es Salaam. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza shamba kubwa la karanga, sehemu yake moja ilikuwa Nachingwea, na watu wengi walikwenda kufanya kazi huko. Bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili ya shamba hilo. Mwaka 1951 shauri likavunjika, na baadaye reli ikang'olewa. Reli iliondoka, walakini watu waliojifunza kuishi kwa mshahara hawakusahau.

Kwa muda mrefu kilichowazuia watu wa kusini kwenda mbali kilikuwa Mto Rufiji. Wakati wa masika barabara ilikatika, na magari yalingojea pantoni. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, na safari iliyochukua siku nyingi ikawa ya siku moja. Daraja halikuwaambia watu waende, lakini liliwaondolea kizuizi. Wengine walikwisha tangulia: wauzaji wa bidhaa mikononi katika njia za Dar es Salaam waliitwa Wamachinga, jina linalosemwa limetoka Machinga, upande wa Lindi, na leo laitwa hivyo kila mchuuzi wa njiani, hata akiwa Mchaga au Mhaya.

V. MJI ULIVYOKUA

Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu 69,227. Mwaka 1957 walikuwa 128,742, na mwaka 1967 walikuwa 272,821. Hesabu ya 2022 ilionyesha mkoa wote wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Hesabu ya kwanza ni ya mji na ya mwisho ni ya mkoa, basi hazilingani kabisa. Hata hivyo yaonyesha ya kuwa watu wa mahali hapo wamekuwa karibu mara 78, wakati watu wa bara yote wameongezeka mara 8 tu. Mwaka 1967 katika kila watu 100 wa Tanzania, 6 tu walikaa mijini. Mwaka 2022 walikuwa kama 35. Na wanawake, ambao zamani walikuwa wachache mjini, sasa wamezidi: mwaka 2022 walikuwa zaidi ya wanaume kwa watu 180,000 na zaidi. Mji umekuwa mahali pa kulea watoto, na watoto hao wanahitaji kubatizwa na kufundishwa.

Sasa tutazame kwetu. Kati ya 2002 na 2012 watu wa Tanzania waliongezeka 30 kwa kila 100. Dar es Salaam waliongezeka 75 kwa kila 100. Mtwara waliongezeka kama 13 tu, kutoka 1,128,523 hata 1,270,854, na Lindi kama 9. Hapa wazee wetu wana haki kusema vijana wameondoka. Lakini tuseme kweli yote: nyumba za kusini zina watoto wachache kuliko nyumba za kanda ya Ziwa Viktoria, basi upungufu wote si wa kuhama tu.

Hata ilipokuja hesabu ya 2022, mambo yaligeuka. Katika miaka 10 ile nchi nzima iliongezeka 37 kwa kila 100. Dar es Salaam iliongezeka 23 tu, yaani chini ya nchi nzima. Je, watu wameacha kwenda mjini? La. Tazameni mkoa wa Pwani unaouzunguka: ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulikuwa na 2,024,947, maana yake umeongezeka 84 kwa kila 100. Mji umejaa, ukafurika nje ya mpaka wake, hata Kibaha na Mkuranga. Ukiutazama mstari wa mpaka peke yake utadhani mji umechoka, kumbe umehamia ng'ambo ya mstari. Kwa hiyo kila mwenye kusoma hesabu aulize kwanza, Mpaka uko wapi?

Na Lindi, iliyokuwa ya nyuma mwaka 2012, mwaka 2022 iliongezeka kama 38 kwa kila 100, yaani sawa na nchi nzima na zaidi kidogo. Mtwara iliongezeka kama 29. Mkondo wa pili alioutaja Bwana Ravenstein umefika kwetu. Wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa kusini, wakaja Lindi na ng'ombe zao, na wengine wakafuata. Korosho nazo zilipopata bei, watu waliokuwa mjini walikumbuka mashamba ya baba zao. Basi wakati sisi tulipokuwa tukiwalilia wanaotoka kwa mlango wa mbele, wengine walikuwa wakiingia kwa mlango wa nyuma, nasi hatukuwaandika.

VI. KAZI ILIYO MBELE YETU

Kwa habari hizi, ndugu zangu, naona mambo manne yatupasayo katika mwaka huu wa Yubile.

Kwanza, kila parokia iwe na daftari la waliotoka. Lisiwe la lawama, bali la kuandika: jina, siku aliyotoka, mahali alikokwenda, na jina la ndugu anayejua habari zake. Kazi hii haihitaji fedha. Mwalimu na wazee wa kanisa wakikaa jioni tatu na kitabu cha ubatizo, wakauliza nyumba kwa nyumba, watalijaza.

Pili, Mkristo anayehama apewe barua ya Padre wake, naye aipeleke kwa Padre wa huko aendako. Desturi hii ni ya zamani, lakini imelegea, kwa maana kijana huondoka alfajiri na basi bila kumwaga mtu. Basi tuwafundishe wazazi, kwa kuwa wao ndio wajuao safari. Mama anayemfungia mwanawe unga na korosho amfungie na barua.

Tatu, tukumbuke watu wetu wako mahali gani. Wengi wao hawakai katikati ya mji, penye makanisa makubwa ya kale. Wako Mbagala, barabara ya kusini inapoingilia mjini, na mbele zaidi, Kongowe na Mkuranga, mahali ambapo jana palikuwa na minazi na leo pana nyumba zisizo na idadi. Mtu aliyekuwa mwimbaji kwetu, akifika huko asione kanisa kwa mwendo wa saa nzima, Jumapili ya kwanza atasikitika, ya pili atalala, ya tatu atazoea. Tuwaandikie ndugu zetu wa Dayosisi ya Dar es Salaam, tuwape majina, maana majina tunayo sisi.

Nne, nalo ndilo ninaloliogopa kusahauliwa, tuwatazame wageni walioingia kwetu. Mfugaji Msukuma aliyejenga boma lake porini, nje ya kijiji, hasemi Kimakua wala Kiyao, na ng'ombe zake zimekwisha kuleta ugomvi mashambani. Ugomvi wa mashamba ni kazi ya Serikali na wazee kuuamua kwa haki. Lakini watoto wake hawajaandikwa katika kitabu chochote cha kanisa, na Jumapili hakuna anayewaita. Ruthu alikuwa Mmoabu, akaokota masazo katika shamba la mtu wa Bethlehemu, na katika uzao wake akatoka Mfalme Daudi. Boazi aliuliza kwanza ni binti wa nani. Hata hilo la kuuliza sisi hatujalifanya.

Walimu wenzangu, yawezekana mtu akauliza, Kazi hii yote ya kuandika majina ina faida gani, ikiwa Mungu awajua watu wake? Najibu: Mungu awajua, lakini sisi ndio tuliopewa kuwachunga, na mchungaji asiyejua hesabu ya kondoo zake hawezi kujua kama mmoja amepungua. Serikali huhesabu kila baada ya miaka 10 ili ijue shule ngapi zijengwe na dawa kiasi gani ziletwe, na hilo ni jema. Sisi hatuna haja ya kungojea miaka 10. Jumapili hii, ibada ikiisha, kila mwalimu amshike mzee mmoja mkono, amwulize habari za mwana wake aliyeondoka, na za jirani mgeni aliyekuja, ayaandike majina yote mawili.